Kanga ya Majani Mazima

Nilipokuwa mdogo alipanda kwetu mlimani mpiga picha kutoka mjini, amebeba kamera na miguu yake mitatu ya kusimamia. Mama akatoa kanga yake mpya, akaitundika ukutani kuziba ufa, akatupanga mbele yake. Kaka yangu alikuwa na upele kichwani. Yeye akaambiwa asimame pembeni, penye ukuta wa udongo mtupu. Picha ile ninayo mpaka leo. Wote tumenuna, kaka peke yake anacheka. Baadaye alihamia Turiani kulima miwa, lakini hayo ni mengine. Mimi shule niliishia darasa la pili, na hayo pia ni mengine.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwetu si kila kitu kinawekwa kwenye kanga.

Mwaka juzi, likizo ndefu ya chuo, akaja kijana mwanafunzi. Anasoma mimea, na kompyuta anaijua. Alitaka kuifundisha kompyuta itazame picha ya jani la maharage iseme kama ni zima au lina kutu, yale madoa ya kahawia yanayotumaliza huku juu mvua zikizidi. Nikamwambia hata mimi naweza kumwambia hivyo, tena bila umeme.

"Babu," akasema, "wewe hutaenea kwenye simu za wakulima wote."

Nikaona ana hoja. Nikampa chumba.

Siku ya tatu akateleza kwenye matuta, kifundo cha mguu kikavimba kama gimbi. Picha zilikuwa bado nyingi, na kazi yenyewe ilitakiwa mbele ya walimu wake kabla chuo hakijafunguliwa. Bila hivyo, likizo yote imepotea bure. Basi akanipa simu, akanionyesha pa kugusa. Nilipiga picha wiki mbili. Majani mazima niliyatandaza juu ya kanga ya mke wangu. Yenye kutu nikayaweka kwenye gunia la mbolea. Hakuna aliyeniagiza, na sikuona cha kuuliza.

Kompyuta ikafuzu. Akaijaribu kwa zile picha zangu alizokuwa ameziweka kando bila kuifundishia, haikukosea hata jani moja. Alimpigia mwalimu wake simu akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa uani tunakunywa chai. Akataka kumwonyesha mke wangu, maana mashine alikuwa ameshaihamishia kwenye simu. Akachuma jani lenye kutu, akaliweka juu ya kanga ile ile, iliyokuwa imetandikwa kitini. Simu ikasema zima. Akarudia. Zima. Mke wangu akaweka kijiko cha chai. Zima. Nikaweka mkono wangu, ambao una baridi yabisi mwaka wa tisa sasa. Zima. Kijana akachukua ndala yangu akaiweka kwenye gunia. Kutu.

"Mjukuu wangu," mke wangu akasema, "hiyo mashine inaangalia kanga yangu tu."

Kijana akaniuliza, taratibu kabisa, kwa nini nilifanya vile. Nikamweleza kwamba kitu kigonjwa hakilazwi kwenye kanga ya mtu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

"Mwalimu nimeshamwambia imefaulu," akasema. "Na zimebaki siku tatu chuo kifunguliwe."

"Mimi sitasema," nikamwambia. "Kwanza nani ataniuliza?"

Hapo sikumsaidia, najua. Alimaliza chai yake na muhogo wake, akafunga kompyuta, akafungasha begi. Kisha akamwomba mke wangu ile kanga, na mimi akaniomba gunia. Tukamuuliza vya nini.

"Vya kuwaonyesha walimu palipokosewa," akasema.

Mke wangu alitaka kuuliza kanga itarudi lini. Nilimwona anataka. Akaikunja, akampa.

Kijana akatuambia shikamoo, ingawa alikuwa ametuamkia asubuhi ile ile, nasi tukaitikia. Akashika njia ya kushuka mjini akichechemea, gunia kwapani, kanga begani. Hakurudi tena.