Pazia la Kantini

Kantini nilimokuwa nikipika, katika kampuni ndogo ya uchorongaji, ya kutoboa miamba kutafuta dhahabu, upande wa Geita, ilikuwa na pazia katikati. Ng'ambo kulikuwa na feni na viti vya mito kwa ajili ya wazungu. Huku kwetu mabenchi. Eti ni suala la vyeo. Uongo mtupu! Mjiolojia wetu, binti wa Shinyanga mwenye digrii mbili, alikula kwenye benchi, na fundi mchanga wa kizungu aliyekuwa chini yake alikula kwenye feni.

Waliolivalia njuga jambo hilo walikuwa wawili. Dereva wa lori, mwenyekiti wa wafanyakazi, alikuwa na sauti ya kushtua hata mbuzi wa jirani. Mpishi mkuu, mama mmoja wa Kolandoto, alikuwa mpole hadi anakera. Mimi nilikuwa upande wa dereva kabisa. Mama nilimwona mwoga, na nilimsema sana jikoni.

Dereva akatangaza mgomo wa kula. Nilishangilia kama mwehu. Lakini sisi ni Wasukuma: siku ya pili kila mfuko wa ovaroli ulijaa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa hadi vikawa kama kokoto. Mkutano mzima wa mgomo ulisikika kru, kru, kru. Meneja akatucheka waziwazi, kisha akasema kesho yake atamfukuza kazi aliyetuchochea. Hapo kicheko kiliniisha, maana dereva alikuwa na watoto watano.

Asubuhi mama akaniambia, "Mwanangu, sufuria zote tuziweke huku kwenye mabenchi. Ng'ambo usipeleke hata chumvi."

"Mama, tutafukuzwa!"

"Wakija tutawakaribisha. Nani kwetu anakula bila kumkaribisha mtu?"

Saa sita mchana wazungu wakakuta meza zao tupu. Mama akafungua pazia, akasema kwa upole wake uleule, "Karibuni chakula." Fundi mchanga akaja wa kwanza, akakaa kando ya mjiolojia. Wengine wakamfuata.

Meneja akaingia, uso umemwiva. "Nani ametoa amri hii?"

Dereva akasimama, shavu limejaa matobolwa. "Mimi."

"Mwongo huyu," mama akasema. "Mpishi ni mimi. Nifukuze mimi."

"Mama, kaa chini! Mgomo ni wangu."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akigombea kufukuzwa, mpaka watu wakaangua kicheko. Mjiolojia akasimama. Benchi zima likasimama, hata fundi na sahani yake. Mimi, niliyeshinda miezi nikipima nani kiongozi na nani mwoga, nilikuwa nimechutama nyuma ya sufuria ya maharage.

Meneja akatutazama, akahema, akaomba sahani. Hakufukuzwa mtu, na jioni ile dereva akapanda juu ya meza kuling'oa pazia, mama akimshikia meza.

Nikamfuata mama kumwomba radhi kwa yote niliyomsema. Akacheka sana. Alikuwa amesikia kila neno, tangu siku ya kwanza.