Inzi Mwenye Alama ya Tarsisi

Kazi ya Tarsisi ilikuwa kukamata ndorobo, wale inzi wa malale, kuwapaka rangi, kisha kuwaachia waende zao. Hapo kwenye kuwaachia ndipo watu wa Shinyanga walipomshangaa. Kukamata sawa, na rangi nayo sawa, mzungu aliyemwajiri ana mambo yake. Lakini inzi anayeua ng'ombe, umeshamtia mkononi, halafu unamfungulia? Wanawake kisimani walimwuliza kama mishahara nayo anawapa.

Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mtoto wa misheni, aliyekuja mwaka wa arobaini na tatu kutafuta kibarua chochote akaangukia kwenye utafiti wa ndorobo. Mwanzoni alijionea aibu. Baadaye pori likamkolea. Alijua tandala wanakokunywa maji na mumbi, wale ndege weusi wakubwa wanaotembea chini kama wazee wa kanisa, wanakolala. Kila ndorobo aliyemnasa kwa wavu alimtia nukta mgongoni kwa ncha ya unyasi: rangi moja ya siku, nyingine ya mahali. Akinaswa tena, anajulikana katoka wapi na lini. Siku alipoona kwa macho yake kwamba ndorobo hatagi mayai, bali huzaa mtoto mmoja mmoja aliyemlea tumboni, alitafuta wa kumwambia, akamwambia Klara, msichana wa pale kijijini.

Klara hakucheka. Aliuliza baba wa huyo mtoto huwa yuko wapi muda wote huo. Kuanzia hapo Tarsisi hakulala vizuri mpaka alipopeleka posa.

Mabula, baba yake Klara, aliipokea posa kwa shingo upande. Alikuwa mtu wa ng'ombe hasa, asiyeomba ushauri kwa mtu yeyote chini ya jua, na mkwe wa kukimbizana na inzi hakuwa kwenye hesabu zake. Kiangazi cha mwaka wa arobaini na tisa ng'ombe wake mmoja akaanza kukonda, manyoya yakamsimama. Asubuhi moja Mabula alipiga kofi tumboni mwa mnyama huyo, akaokota ndorobo mwenye nukta nyekundu na nukta ya njano.

Sasa, kwa Wasukuma mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Ng'ombe akikatwa sikio kwa namna fulani, kila mtu anajua ni wa nani, na akila mtama wa watu mwenyewe ndiye anayejibu. Mabula hakuona kwa nini inzi awe tofauti. Alimfunga ndorobo kwenye ganda la hindi, akaenda moja kwa moja kwa Nkwabi, mwanangwa, mkuu wa kijiji, kushtaki kwamba mfugo wa Tarsisi umemwumiza ng'ombe wake. Hakudai fidia. Alitaka jambo moja tu, posa ivunjwe mbele ya watu, maana hawezi kumwoza binti yake kwa mfuga ndorobo.

Baraza likajaa, kwa kuwa kesi ya inzi haikuwahi kusikika. Nkwabi alifungua ganda, akamwuliza Tarsisi kama huyu ni wake. Tarsisi aliinama kuzitazama nukta. Nyekundu ilikuwa ya Jumanne. Njano ilikuwa ya pori la Mwanhale, pori ambalo baraza hilihili lilikuwa limelifunga, ng'ombe yeyote asitie kwato humo mpaka ndorobo wapungue. Majani ya Mwanhale yalikuwa bado mabichi, na Mabula alikuwa na macho.

Akisema, anamvua nguo baba mkwe hadharani. Akinyamaza, Klara ndiye huyo anakwenda. Kwa woga akasema kwamba rangi imefifia, haioni vizuri. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya nukta, na ulimchoma pale pale.

Mabula akacheka kwa sauti. Akawauliza wazee mtu asiyetambua alama yake mwenyewe atachunga nini maishani.

Hilo lilimgusa Tarsisi pabaya. "Baba, naitambua," alisema. "Ukitaka niisome, nitaisoma yote."

"Soma."

Akaisoma: Jumanne, Mwanhale. Nkwabi akauliza kama inzi anaweza kuvuka peke yake ile mbuga isiyo na kivuli kati ya Mwanhale na kijiji. Tarsisi alijibu polepole kwamba ni vigumu, kwa kawaida huvuka amepanda kitu kinachotembea. Wote mle walikuwa watu wa ng'ombe, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mabula alisimama, akajikung'uta shuka, akaondoka bila kumtazama mtu.

Baraza lilimhukumu kufyeka vichaka mpakani mwa Mwanhale. Wengine walitaka pori lote lichomwe, yaishe. Tarsisi aliwaomba wasifanye hivyo. Ndorobo wa upande ule walijificha kwenye vichaka vizito vya bondeni, huko juu wangeunguza tandala bure. Nkwabi akamtuma yeye mwenyewe aende kuonyesha vya kukata, na hakuna safari aliyowahi kuichukia kama hiyo.

Siku tatu Mabula alifyeka. Tarsisi alionyesha kichaka kwa kidole, shoka likafanya kazi yake. Alijua posa imekufa, akawa anajiuliza ataagana vipi na Klara.

Siku ya nne Mabula aliinua shoka mbele ya mti mmoja mkubwa wenye tundu, akasita.

"Na huu?"

"Huo uache, baba. Ndorobo hawakai hapo. Mumbi wamelea humo miaka minne mfululizo, kinda mmoja kila mwaka, mwaka jana akafa."

Mabula alilitazama tundu, akamtazama Tarsisi, akashusha shoka. Akakaa chini kivulini, akafuta jasho.

"Inzi mmoja umemjua siku yake na kwao," alisema mwishowe. "Binti yangu hutampoteza. Njoo umchukue."

 Tarsisi akachukua shoka, akaendelea kufyeka vichaka pale mzee alipoachia.