Zamu ya Maji ya Saa Ishirini na Nane

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili, misa imekwisha, nilisimama mbele ya watu wa mfereji wetu huko Kibosho na karatasi mkononi, na aibu niliyoipata hapo sijaimaliza hadi leo.

Nilikuwa nimejifundisha Perl, lugha ya kuandikia programu, kwa kitabu cha fotokopi na kompyuta ya kukodi mjini Moshi, nikaiomba kamati ya mfereji niipange mimi zamu ya maji. Kaya arobaini na mbili, saa nne kwa wiki kila moja. Hesabu ya mtoto. Niliziandika kaya kama safu ndani ya safu (kila safu ndogo na ukoo, jina na kihamba, yaani shamba la nyumbani), kisha nikazihamishia kwenye hashi, yaani kabati la visanduku, kila kisanduku na lebo yake, na lebo nikachagua ukoo, maana huku kwetu mtu huulizwa ukoo kwanza. Programu haikulalamika, nami nikachapa bila kusoma (mimi, ninayehesabu hata njiti za kiberiti!).

Nikasoma majina sita, karatasi ikaisha. Nikaigeuza. Nyeupe.

"Na mimi je?" akauliza mama mkubwa Perpetua, mjane, aliyekuwa amepanda miche ya kahawa juzi tu.

"Subiri kidogo, mama."

Mzee Kasiani, mwenyekiti wa mfereji, akakohoa. "Ukoo wetu, mimi nawe, tuko kaya kumi na mbili. Umemsoma nani?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Lo, mangi! Chifu mzima, umekunywa maji ya ndugu zako wote!"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

"Ni kompyuta iliyopanga, mzee."

"Kompyuta ina kihamba?"

Nikaikunja karatasi. Wakafunga mfereji mpaka nilete orodha safi, na jua la Februari halikusubiri. Alhamisi ndipo nilipoelewa: lebo moja hushika kitu kimoja, kwa hiyo kila ndugu aliyeingia alimfukuza aliyemtangulia, na mimi niliyejiandika wa mwisho kwa adabu ndiye niliyebaki, halafu programu ikatugawia sita tuliobaki, mmoja kwa kila ukoo, saa zote za wiki. Kumbe kila kisanduku nilipaswa kukiwekea safu ya kaya zote za ukoo.

Siku hizi sichapi kitu kabla ya kulinganisha idadi ya walioingia na ya waliotoka. Miche ya mama mkubwa ilikauka yote arobaini, nami nikamnunulia mingine kwa shilingi elfu sita.