Dungu Nyuma ya Nyumba

Hezron alipata mke kwa kupigwa na donge la udongo. Watu wa kijiji chetu wanaijua habari hiyo, na asiyeijua atasimuliwa tu, maana mwenyewe hachoki kuisema. Alikuwa kijana, ameteremka Kamsamba kutafuta mpunga, kichwani kofia mpya ya pama. Akapita kando ya shamba la wafugaji waliohamia kule na ng'ombe wao. Juu ya dungu, lile jukwaa la miti anakokaa mlinzi wa mpunga kufukuza ndege, alisimama msichana na kombeo mkononi. Donge lilikuwa la kufukuzia kwelea, likachukua kofia. Hezron anasema alipoinua uso ili agombe, alimkuta msichana anacheka bila sauti, ameziba mdomo kwa kiganja, jua liko nyuma yake, naye akasahau alichotaka kusema. Msichana huyo ndiye Mhoja, Mama Venance wetu.

Mimi ni Atupele, Mama Lusajo, kwetu Ikinga kule Ileje, nikaolewa huku Mbozi, na jiko langu linatazamana na mlango wao wa nyuma. Kwa hiyo kama kuna jambo limetokea nyuma ya nyumba ya Hezron na mimi silijui, basi halijatokea.

Mama Venance alizoea kuja jikoni kwangu tuchambue maharage, na mikono ikishika kazi, yeye hurudi Kamsamba kwa mdomo. Alikuwa akinieleza joto la kule, jinsi mpunga unavyolala upepo ukipita, na jinsi walinzi walivyoitana. Mmoja anapiga ukemi, ule ukelele wa kutisha ndege, dunguni kwake, wa dungu la pili anaujibu, wa tatu anaupokea, unasafiri hivyo shamba kwa shamba mpaka usiusikie tena. "Na mlinzi haachi dungu mpaka shamba livunwe," aliniambia. "Hata mjomba akija na harusi yake, atakusalimia kutokea chini." Siku moja nilimwomba anionyeshe huo ukemi. Akasimama mlangoni, akaupiga. Kuku wangu walilala nje siku hiyo kwa hofu, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka jana kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, kikalegeza mguu, na ile sauti yote kikaenda nayo. Daktari alisema ulimi unaweza kurudi, asikatishwe tamaa. Lakini miezi ikapita, Mama Venance yuko ndani, kwenye kiti karibu na dirisha, anaitikia "mm" na kutikisa kichwa. Nje hakutoka. Nyuma ya nyumba yao kuna mteremko wa udongo mwekundu, na msimu wa baridi ukungu ukishalala hapo, hata sisi wenye miguu miwili mizima tunatembea kwa adabu.

Halafu Bugalama akapiga simu. Bugalama ni mdogo wake Mama Venance, yule aliyekuwa akilinda dungu la pili. Akasema akimaliza kuvuna atapanda na lori la mpunga linalokwenda Tunduma, na likirudi atamchukua dada yake. Huku kwenu baridi inamfunga, alisema, sisi tutamweka juani, atafunguka. Hakusema kwa ubaya. Mama Venance alisikia yote, simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Kesho yake akaanza kukunja vitenge vyake kwa mkono wa kushoto na kuvitia kwenye begi pale mlangoni, kimoja kimoja, polepole.

Hezron alinifuata jikoni, akasimama tu, hakukaa. "Mama Lusajo," akaniambia, "nikimwambia asiende, nitamwambia abaki afanye nini? Akae dirishani?" Nilimpa kikombe cha chai, na nilimwonea huruma kiasi kwamba nilisahau kuweka sukari.

Ndipo akaja na habari ya sakafu. Mtoto wao Venance anafanya kazi Tunduma mpakani, na Hezron alipokwenda kumtembelea aliona nyuma ya nyumba moja ya wageni sakafu ya mbao. Inaanzia kwenye kizingiti cha mlango, inakwenda mbele hewani, na madereva wa malori wanakaa juu yake jioni wakinywa chai. Unatoka mlangoni bila kushuka wala kupanda. "Nataka kama ile," aliwaambia rafiki zake wawili, Osea na Barnaba. "Sakafu ya mbao. Pana. Atoke nje wakati wowote."

Osea ni mkulima wa kahawa mwenye maneno mengi, na Barnaba ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu, mwenye maneno machache. Wote wawili waliitikia "ndiyo, ndiyo", na wote wawili hawakuelewa. Huku kwetu sakafu ni udongo au saruji. Mbao ni za paa, za mabenchi, za majeneza. Na nje ya nyumba, mbao ni za kitu kimoja tu.

Hezron alimpeleka mkewe kliniki Vwawa, wakalala huko kwa ndugu. Hawa wawili wakaona ni nafasi nzuri ya kumfurahisha mwenzao. Walipiga kazi mimi nikiwapikia, mbao za mlingoti, ule mkaratusi, zinanukia mpaka ugali ulikuwa na ladha ya msitu. Walichimbia nguzo, wakapigilia misumari, wakazungushia ukingo. Niliwatazama nikiona kuna kitu, lakini nyundo zilikuwa zinaitikiana vizuri, ukungu unapita katikati yao, wanatokea na kupotea, na nilijiambia acha, wanaume wanajua.

Hezron akarudi. Akamshusha mkewe kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, wakapita ndani, wakafungua mlango wa nyuma. Mbao zilianzia usawa wa kiuno chake.

"Osea," akasema. "Hiki ni nini?"

"Sakafu yako, ndugu yangu."

"Osea, hiki ni kichanja cha kahawa."

Osea akakitazama. Akainama, akatazama chini yake. Akamtazama Barnaba. Kilikuwa na miguu mirefu ili mtu asiiname akichagua punje, nafasi kati ya mbao na mbao ili hewa ipite, na ukingo ili kahawa isimwagike. "Kweli ni kichanja," akasema, kana kwamba kimejengwa na watu wengine. "Mkono ulijiendea wenyewe, Hezron. Tumejenga vichanja maisha yetu yote."

"Sasa nimwanike mke wangu humo? Nimgeuzegeuze mpaka akauke?" Hezron alikuwa amekasirika kabisa, shingo imesimama. Mwezi wa kuvuna mpunga ulikuwa unaisha, na Bugalama angefika wakati wowote. Barnaba aliangalia viatu vyake.

Ndipo tukaona mabega ya Mama Venance yanatikisika. Alikuwa ameegemea mlango, mkono wa kushoto umeziba mdomo, macho yamejaa machozi. Tulidhani analia. Hezron peke yake ndiye aliyejua, maana aliwahi kuuona uso huo zamani, akiwa hana kofia. "Anacheka," akasema taratibu. "Mama Venance anacheka."

Basi hasira ikaisha hapo. Walikata miguu ya kichanja mpaka mbao zikawa sawa na kizingiti. Nafasi zilikuwa pana, fimbo ya mgonjwa ingezama, kwa hiyo Venance akatuma kutoka Tunduma mbao za mapaleti yanayotupwa na malori, zenye maandishi ya nchi za watu, na Barnaba akazibia nazo. Hazikutosha. Upande wa mbali ukabaki na nafasi zake za kichanja. Osea akasema huo upande ni sahihi yake.

Asubuhi ya kwanza Mama Venance alipotoka, sote tulikuwepo tukijifanya tuna kazi nyingine. Alivuka kizingiti kwa fimbo, akasita, akaweka mguu kwenye mbao, mbao ikatoa mlio mdogo. Hezron akamwekea kiti, akamfunika koti lake. Ukungu ulikuwa chini kabisa, unapita chini ya mbao na kutokea upande wa pili, mibuni imezama mpaka shingoni, na ungesema ile sakafu imeng'oka na nyumba inakwenda zake polepole kuelekea bondeni. Nilikaa pale ukingoni nikasahau chungu motoni, na sikujali.

Lakini jioni begi lilikuwa bado mlangoni, na kitenge kimoja zaidi ndani yake. Hezron alilipita kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Wakati huo mimi nilikuwa nimevuna ulezi wangu, na kwangu hakuna pakavu. Nikaona ule upande wa Osea unapigwa na upepo juu na chini. "Baba Venance," nikasema, "kwa kuwa kichanja kimeshajengwa, naomba nianike." Akakubali bila hata kunisikiliza. Nikatandika mkeka, nikamwaga masuke, nikarudi jikoni.

Ndege wadogo wakaja. Sisi huku ndege hatuwagombezi sana, wanakula kidogo na Mungu anajua. Nilikuwa napepeta unga, namwona Mama Venance kwa mlango ulio wazi. Niliona shingo yake inanyooka. Niliona mkono wa kushoto unashika fimbo, fimbo inainuka. Halafu sauti ikatoka, mbovu mwanzoni, imepasuka, kisha ikapanda:

"Haaaa-hooo! Haaa-hoo!"

Ungo uliniponyoka. Ndege waliondoka wote kwa pamoja. Hezron alitoka mbio ndani akiwa na sabuni usoni. Na kabla hata hatujaulizana, kutoka barabarani, nyuma ya mibuni, ndani ya ukungu ambamo hatukuona mtu, ukemi ukajibiwa.

"Haaaa-hooo! Haa-hoo!"

Alikuwa Bugalama. Lori lilimshusha njia panda, na alikuwa anapanda kwa miguu na kiroba cha mchele begani. Alizunguka nyumba, jitu refu la watu, na machozi yanamtiririka bila aibu. "Dada," akasema, "mwangaluka, dada." Hiyo ndiyo salamu ya kwao ya asubuhi.

Mama Venance alimtazama mdogo wake, akautazama mkeka. Midomo ikahangaika. "Na-linda," akasema. Neno lilikuwa zito, lakini lilikuwa neno.

Bugalama akaketi kwenye ukingo wa mbao, miguu yake imezama kwenye ukungu. Akavua kofia. Alitazama ulezi, akatazama begi mlangoni, akamtazama shemeji yake mwenye sabuni. "Haya," akasema mwisho. "Mimi simshushi mlinzi shamba likiwa bado. Hata baba yetu hakufanya hivyo. Mkimaliza kuvuna, shemeji, nipigieni simu." Akala, akalala, kesho yake akaondoka na lori jingine.

Ulezi wangu ukakauka. Nilipokwenda kuuzoa, Hezron alisimama njiani kwangu. "Mama Lusajo, huo ulezi..." Hakumaliza. Nikamwachia kikapu kizima, nikasema sina pa kuweka.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla mkewe hajaamka, Hezron hutandika mkeka na kumwaga ulezi. Mama Venance hutoka kwa fimbo yake, huketi, hulinda. Sauti ikakua. Maneno yakaanza kurudi moja moja, kama kuku jioni: chai, koti, Venance, na jina langu, ambalo alilisema akinikemea. Ulezi wangu ulipokwisha Hezron alichukua kwa Osea, na Osea akasema hajapata kuona kichanja chenye njaa kama kile. Begi likabaki mlangoni. Hakuna aliyeligusa.

Lakini Hezron ni mtu wa kanisa, na jambo lilikuwa linamla. "Namdanganya mke wangu," aliniambia. "Nimemfunga kwa mkeka." Nilimwambia aache mambo yake. Hakuacha.

Ikaja asubuhi moja ya Agosti, hakumwaga kitu. Mama Venance akatoka, akaketi, akautazama mkeka mtupu. Hezron akasimama kando yake na kikombe cha chai, nami nikiona yote kutoka kule jikoni kwangu.

"Mavuno yameisha, Mama Venance," akasema. "Nimpigie Bugalama?"

Ukungu ulikuwa unaondoka, mibuni inajitokeza mmoja mmoja, na yeye anatazama huko bondeni, upande wa kwao, muda mrefu. Nilimpenda Hezron siku hiyo kama ndugu yangu wa tumbo moja, na nilimchukia pia, maana alikuwa ameuliza. Kisha Mama Venance akamgeukia. Akamtazama kwa jinsi wanawake wanavyowatazama waume waliojificha nyuma ya mlango wa kioo. Akapiga fimbo kwenye mbao.

"Hezron," akasema, kila neno limekamilika. "Lete ulezi."

Alileta debe zima. Mikono ilikuwa imeshikwa na furaha, akamwaga nje ya mkeka, nusu ikapita kwenye nafasi za Osea, na kuku wangu walikula huko chini mpaka jioni.