Kuni za Matanga Ambayo Hayakuwako

Mwaka ule kumbikumbi walitoka kwa wingi katika vilima vya Mahagi, na masista wakawaachia watoto wa shule mapema wakasaidie kuwakusanya. Elisabeth, wakati ule msichana mdogo, alirudi nyumbani na kapu lililojaa nusu, akakuta lupango, kile kiwanja cha nyumba yao, limejaa watu. Baba yake, mchuuzi wa samaki wa chumvi aliyezoea kushuka ziwani kila juma, alikuwa amefariki.

Kesho yake wote wa nyumba walinyolewa, mama kwanza, kisha watoto, kama desturi ilivyotaka. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi alipofika kutoka ziwani mwanamke mmoja asiyejulikana na mtu, akiwashika mikono watoto wawili. Vichwa vyao vitatu vilikuwa vimenyolewa sawasawa na vya wafiwa. Mama yake Elisabeth alivitazama vile vichwa, akaketi chini polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Tangu siku hiyo Elisabeth alijua kusoma kichwa kilichonyolewa.

Alikua, akaolewa na Léon, muuza vipuri vya pikipiki, wakajenga Bunia, katika mtaa wa Rwambuzi, wakazaa mtoto wa kiume, Emery, kisha mabinti. Léon alikuwa kiongozi wa kwaya, kijana mtanashati aliyechonga mstari wa nywele kila Jumamosi. Miaka ilipopita, nywele zilirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka waimbaji wake wakaanza kumtania: “Vaa kofia, papa, unatuwakia mu macho!” Léon alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka.

Kisha akaacha bia. Elisabeth aliliona jambo hilo na hakulipenda. Kichwa kilipomwuma, Léon alikataa hata aspirini, bila kueleza. Baada ya siku chache alisema anakwenda Aru kutafuta vipuri, naye mkewe akamfungia mzigo huku akijiuliza ni vipuri gani vinavyomkataza mtu aspirini.

Alirudi baada ya zaidi ya juma moja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, paji la uso limevimba, macho yamefinyika. Hakulala kama watu. Aliketi kitandani ameegemea mito. Hakubeba ndoo, hakuinama, hakutoka juani. Mara kwa mara alijinyunyizia maji ya kichupa chini ya ile kofia. Asubuhi moja, alipokuwa uani amesinzia kitini, Elisabeth aliivua.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote. Mbele palikuwa na magamba madogo ya damu iliyokauka.

“Ni nani alikufa, Baba Emery?”

Léon alishtuka, akafunika kichwa kwa mikono. “Hakuna muntu alikufa.”

“Kichwa yako inasema ingine.”

“Minakuambia hakuna.”

“Basi kwa nini unaificha?”

Léon aliirudisha kofia kichwani. Lakini jirani yao Charlotte alikuwa ameona kila kitu juu ya ua, na kabla ya adhuhuri wanawake wa mtaa walifika na mikeka, na Charlotte mwenyewe na mzigo wa kuni za matanga kichwani.

“Pole, Mama Emery. Siye tunakuya kulia na weye,” alisema, akiutua mzigo. “Lakini tutamulilia nani?”

“Hata mimi ningali nangoja kuambiwa,” Elisabeth alijibu.

Mmoja alinong'ona kwamba huko Aru wafanyabiashara hawakosi deuxième bureau, jina ambalo mji unampa mke wa siri. Elisabeth alisikia. Wanawake walipoondoka, alizirundika kuni nyuma ya jiko. Kuziwasha kungekuwa kumkubali maiti asiyemjua. Kuzirudisha kungekuwa kumwamini mumewe. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Juma lililofuata alisafiri mwenyewe hadi Aru, kwenye nyumba ya wageni ambamo Léon huwa analala. Mwenye nyumba hiyo, Fiacre, alimpa kiti kwa heshima.

“Bwana yako alipita tu, mama. Alivuka mpaka, akaenda Kampala. Matanga? Huku hatukusikia matanga.”

Alirudi Bunia na shaka ileile, ila sasa ilikuwa imevuka mpaka. Siku hiyo alimtaka Léon aseme, na Léon akasema.

“Nilienda kwa munganga wa nywele. Ni yeye alinikataza bia na aspirini, damu isitoke mingi. Walininyoa kichwa yote, wakanilalisha tumbo chini. Sindano za ganzi ndizo ziliniuma. Kisha nilisikia tu kamashine inalia ku kisogo, inatoa nywele moja moja na muzizi yake. Wakanigeuza, wakazipanda huku mbele. Asubuhi mpaka magaribi.”

“Na hizo nywele ziko wapi?”

Swali lilikuwa la haki. Magamba yalikuwa yamepukutika, na pamoja nayo nywele zilizopandwa. Paji liling'aa kuliko zamani.

“Zimeanguka. Munganga alisema zitaanguka, muzizi inabakia. Zitarudi mwezi wa tatu ao wa ine. Kuenea vizuri, mwaka muzima.”

“Aa! Ulipanda, shamba ikakimbia, na mimi ningoje mwaka.”

Léon alimgeuzia kisogo amwonyeshe vidoa vidogo. “Angalia.”

“Kinyozi mubaya anaacha alama kama hizi. Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuwa nacheka wanaume wanaopaka nywele rangi. Unakumbuka namna nilikuwa nawacheka?”

Alikumbuka. Hata hivyo alihamishia godoro chumba cha mabinti. Alimwona Léon akimpigia daktari simu, akirudia swali lilelile kwa sauti ya woga. Naye hakuweza kutofautisha woga wa mtu aliyetapeliwa na woga wa mtu aliyekamatwa.

Mwezi wa nne, vinywele laini vilichomoza, vingine vimepinda, pamoja na vipele. Elisabeth aliviona kutoka benchi la wanawake kanisani. Vinywele vya hivyo, alijiambia, huota popote. Miezi mingine ilipita. Mstari wa mbele ukaonekana wazi, ijapokuwa haukuwa mnene kama katika picha ya arusi.

Jumamosi moja aliweka kiti uani, mahali ambapo Charlotte angeona vizuri, akamwambia Léon akae. Alishika fungu la nywele za mbele kwa vidole viwili, akavuta.

“Aïe! Unataka kuzing'oa?”

“Nataka kujua.”

Alivitazama vidole vyake katika mwanga. Havikuwa na kitu.

Akaenda nyuma ya jiko. Kuni zilikuwa zimeota ukungu upande mmoja. Alizikung'uta mchwa, akazifunga kwa kipande cha kitenge, akajitwika, akaingia kwa Charlotte.

“Zako hizi.”

“Na maiti?” Charlotte aliuliza, akijizuia kucheka.

“Hajafika bado,” alisema Elisabeth.

Alitua mzigo, akafungua kile kipande cha kitenge, akakikunja, akarudi nacho nyumbani.