Dawa ya Nakhungu

Peris alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Tangu Wekoye amwoe yeye awe mke wake wa pili mwaka wa 1986 na kumleta Tuwan, mjini Kitale, alipika unga wa gredi tu, wa mahindi yaliyokobolewa, mweupe pe. Unga wa wimbi na mboga za kienyeji aliwaachia watu wa Bumula, kijijini kwa mumewe. Na akisema watu wa Bumula, alimaanisha Nakhungu, mke mwenzake wa kwanza.

Lakini Wekoye, karani wa ghala la mahindi, akilala Tuwan misuli ya miguu ilimkaza mpaka akapiga yowe. Akitoka Bumula alitembea kama kijana. Asubuhi moja, akifunga viatu, yakamponyoka: "Dawa ya Nakhungu ndiyo inanisaidia, bana."

Dawa! Peris alihisi moyo unamwaka. Kumbe mume amerogwa, ndiyo maana kila Ijumaa hakaliki mpaka aende Bumula!

Jumamosi alifika Bumula bila kupiga hodi, tayari kumfumania mwenzake na hirizi mkononi. Alimkuta jikoni anakaanga mbegu za malenge, kunde zinatokota kando.

"Nionyeshe hiyo dawa unampea bwana yangu!"

Nakhungu alicheka mpaka mwiko ukamwanguka. "Dawa gani, dada? Si ni hizi mbegu! Darakitari wa hapa arisema huenda mwiri unakosa magnesiamu. Ati iko kwa mbegu, kunde, mboga, na unga haujakoborewa."

Peris hakumwamini hata chembe. Aliporudi Kitale alimuuliza daktari wa zahanati, naye akamwambia yale yale: mahindi yakikobolewa sana, madini mengi huenda na makapi, na misuli huyahitaji ili ilegee.

Basi unga wa gredi ukapewa likizo. Peris alisonga ugali wa wimbi, akachemsha kunde, akakaanga mbegu kwa hasira kama anayemkaanga Nakhungu mwenyewe. Mwezi haukuisha, yowe likakoma. Peris alitamba mtaani kote. Sasa Bumula kuna nini tena?

Ijumaa Wekoye akachukua mkoba wake.

"Unaenda wapi, na miguu imepona?"

"Bumula."

"Kutafuta dawa gani?"

Wekoye alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani nani alikuambia naenda kwa sababu ya miguu? Naenda kumwona Nakhungu."

Akashika njia ya stendi kwa hatua ndefu, bila kuchechemea. Peris alisimama mlangoni akiitazama ile miguu aliyoiponya mwenyewe, akaisonya mpaka ikapotea kwenye kona.