Mgomba Tuliouzika Badala ya Baba

Mjukuu wangu ana mwalimu mkali wa Kiingereza. Juzi alirudi na kazi ya kuandika maana zote za neno "feel", akaniambia, Jaja, wewe ulisoma zamani, nisaidie. Tukaanza vizuri. Kugusa, nikamwambia. Kupapasa. Kusikia baridi, kusikia njaa, kusikia uchungu. Hapo kwenye uchungu nikakwama, nikasingizia sufuria iko motoni, nikaenda kusimama jikoni ambako hakukuwa na kitu chochote kinachochemka. Ungeniona ungecheka, mwenzangu. Bibi mzima anakimbia kazi ya darasa la nne.

Neno hilo la Kiingereza nililipata nikiwa na umri kama wake, wakati wa utawala wa wanajeshi, tulipokuwa tukiishi katika kambi ya polisi upande wa Luzira, Kampala. Baba alikuwa dereva wa polisi. Yeye alikuwa Msoga, mama Mualur wa kutoka kaskazini, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumbani tulizungumza Kiswahili, kile chetu cha kambini ambacho mtu wa pwani akikisikia huziba masikio. Nyumba zilikuwa za duara, bati tupu kuanzia ukuta hadi paa. Mchana zilichoma, na mvua ikinyesha ulilazimika kupiga kelele ili upewe chumvi. Chumvi yenyewe ikiwepo. Sukari tulishaisahau, sabuni mama aliikata vipande vyembamba kwa uzi, lakini samaki wadogo wa Port Bell hawakukosekana. Mama aliwakaanga wakawa wakavu, akatia vitunguu, na jirani yetu, mke wa koplo, alikuwa akija na sahani yake bila kualikwa. Sijala tena samaki kama wale. Nimejaribu.

Baba akirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu, alitupitishia mgongo wa vidole shingoni, mmoja mmoja, kuona kama kuna mwenye homa. Mama alimtania kwamba anakagua watoto kama matairi. Mimi nilikuwa nikishakaguliwa najipanga tena nyuma.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama wa Kiganda, mpole, mwenye gauni la gomesi lililopauka. Vitabu havikuwepo, kwa hiyo alifundisha kwa mfuko wa kitambaa. Unafumba macho, unatia mkono ndani, unasema kwa Kiingereza unachokigusa kikoje: pamba, gunzi la mahindi, kipande cha tofali, chupa ya baridi. Tulipoyazoea hayo akatuambia kuwa neno lilelile linaingia hata ndani ya kifua, akamwuliza kila mmoja anajisikiaje siku hiyo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kutuuliza swali la namna hiyo. Msichana niliyekaa naye dawati moja akasimama, akasema yeye anajisikia kama gunzi. Darasa zima likaangua kicheko, ila mwalimu hakucheka. Baba wa msichana yule alikuwa ametoka nyumbani mwezi uliotangulia na hajarudi.

Wangu alichukuliwa mchana, jua likiwa utosini, mbele ya duka alikokwenda kununua kiberiti. Gari halikuwa na namba. Wanaume wenye miwani myeusi walimsukumia nyuma, mahali pa mizigo, wakafunga. Mke wa koplo aliona yote, akaja kumnong'oneza mama, na tangu siku hiyo hakuleta sahani yake tena. Simlaumu. Siku hizo kuonekana na watu kama sisi kulikuwa kujitafutia makubwa. Mama alizunguka kila ofisi na kila geti, na kote alijibiwa kuwa jina hilo halipo. Mwishowe askari mmoja aliyemhurumia akamwambia aache kuzunguka, akalee watoto.

Ndipo bibi, mama yake baba, alipotuita Busoga. Kwao, mtu akifa na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likaoshwa, likavikwa nguo ya gome la mti na kuzikwa kama ni yeye mwenyewe. Bila hivyo marehemu anatangatanga, na nyumba yake haiwezi kusimamishiwa mrithi. Kwa Waalur wa mama hakukuwa na jambo kama hilo. Walibishana nyuma ya jiko asubuhi nzima, kwa Kiswahili, maana bibi alikiokota sokoni Jinja, na sisi watoto tulisikia kila neno.

"Nikizika hii mgomba, ni mimi nimeua yeye," mama alisema. "Mkono yangu haijagusa yeye. Nitajuaje amekufa?"

"Mimi ndiyo nilizaa yeye," bibi akamjibu. "Wacha nilalishe yeye pahali, mwanangu. Nimechoka kuona yeye anatembea."

Mama akakaa chini, na wazee wakauchukua ukimya wake kuwa amekubali.

Shina lilimenywa maganda ya nje, likapanguswa kwa kitambaa chenye maji, polepole, kama mtu anayeogeshwa. Tukaitwa watoto tuage kwa kugusa. Nilipoweka kiganja, lilikuwa la baridi, laini, lenye utomvu unaonata. Maneno yote ya mfukoni mwa mwalimu yalinijia, ya nje yote, na la kifuani halikuja. Watu wazima walilia pande zote nami nimesimama nasubiri kulia, sioni baba yuko wapi katika jambo hili. Bibi alililalia lile shina, akaliita kwa jina la utotoni la mwanawe. Mama hakuligusa. Aliangalia barabarani mpaka udongo ukajaa.

Hakurudi pale tena. Kila Krismasi alitupandisha basi twende tukapalilie kaburi, yeye akabaki Kampala. Serikali ile ilipoanguka na watu wakafunguliwa magerezani, alikwenda kusimama kandokando ya njia akiangalia nyuso zao. Jioni alirudi peke yake, akapika.

Sasa zile nyumba za duara zimeondolewa, bibi hayupo, mwalimu hayupo, na hata Kiswahili chetu kile kimebaki na watu wachache, tukikutana tunakizungumza kwa furaha mpaka tunaona haya. Mama aliugua mwaka juzi. Nilikuwa nimejiandaa kumpeleka akazikwe kwao kaskazini, maana nilijua jinsi alivyolichukia lile kaburi. Siku moja nampaka mafuta miguuni, akaniambia, "Zika mimi Busoga, kwa baba yenu." Nikamwuliza kwa nini leo, baada ya miaka yote hiyo.

"Pengine sasa amefika," akasema.

Vijana wa ukoo waliochimba kaburi la mama hawakuwahi kusimuliwa habari ile. Walipokaribia upande wa baba waliweka majembe chini, mmoja akanijia kwa adabu. Shangazi, akasema, tusogee kidogo? Tunaogopa kugusa mifupa ya mzee. Nilitaka kumwambia kwamba hapo hapajawahi kuwa na mifupa, na kwamba mgomba huoza mapema sana. Kilio nilichokisubiri utotoni kilinijia chote pale, mbele ya vijana wale, nikalia kama mtoto aliyefiwa siku hiyohiyo. Nilipoweza kusema, nikawaambia wasogee kidogo, na wachimbe polepole.